Tupeane uzoefu: Fiat ndogo zilizotumika, kuzinunua na kuzitunza Unguja na Pemba

Mwanzilishi wa mada, Kiembesamaki

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nimefungua mada hii kwa sababu hainipiti wiki bila mtu kuniuliza, kazini au nje ya msikiti, kuhusu Fiat 500 yangu, na swali huwa ni lile lile: vipuri unapata wapi? Baada ya swali hufuata nasaha kwamba gari la Kitaliano ni la kutazamwa na si la kutumika, na kwamba mwenye akili hununua Vitz au IST akapumzika. Mimi nimekuwa nalo tangu mwaka 2019, linanipeleka kazini, linanipeleka shamba kwa wazee, na ninaliamini. Ninaliamini kwa sababu nilikijua ninachokinunua kabla ya kutoa fedha, na hapo ndipo ninapotaka mazungumzo yetu yakae.

Kwa wasiozijua, Fiat zinazotufaa hapa ni za usukani wa kulia, kwa hiyo nyingi haziji kutoka Italia kwenyewe bali kutoka Japani na Uingereza, ambako nako huendeshwa kushoto. 500 ya kisasa ilizinduliwa Torino tarehe 4 Julai 2007, miaka 50 kamili baada ya ile 500 ndogo ya mwaka 1957, na hizi zinazotufikia ziliundwa mjini Tychy, Poland, katika kiwanda kile kile kilichounda Panda iliyotoka mwaka 2003 na Ford Ka iliyotoka mwaka 2008. Magari hayo matatu yanachangia sehemu nyingi za chini na za injini. Ujuzi huo una thamani ya fedha taslimu, maana nimewahi kukosa bushi za mikono ya mbele kwa jina la 500 na kuzipata kwa jina la Ka, zikiwa zile zile na kwa bei nafuu zaidi.

Injini ninayoipendekeza bila kusita ni ya 1.2, cc 1242, valvu 8, ya ukoo wa FIRE ulioanza mwaka 1985. Haina turbo, bloku yake ni ya chuma, na imetumika katika magari mengi mno kiasi kwamba vipuri vyake vinaendelea kutengenezwa na makampuni mengi. Kuhusu gia nina maoni makali, lakini ninaona ni vyema wenzangu waanze wao.

Naomba kila atakayeandika ataje gari lake, mwaka wake, lilikotoka, kilichoharibika na alivyokitengeneza. Sifa tupu hazitamsaidia anayetaka kununua, wala lawama tupu.

Mkaazi wa Bububu

Wa alaykumu salaam. Yangu ni 500 ya mwaka 2010, injini ya 1.2, gia za Dualogic, kutoka Japani. Niliipata kwa njia ya mnada, na karatasi ya mnada ilikuwa nzuri: alama 4, mkwaruzo mdogo wa bampa umeonyeshwa pahala pake, viti safi. Ninachotaka wenzangu wakijue ni kwamba karatasi ya mnada inaeleza bodi na viti kwa uaminifu mkubwa, lakini haikuelezi chochote kuhusu hali ya Dualogic, na gharama kubwa ya gari hili iko hapo hapo.

Dualogic si otomatiki kama tuliyoizoea katika Toyota. Ndani yake mna gia za kawaida na klachi moja ya kawaida, ila kazi ya mguu na mkono wako imepewa pampu ya umeme, mafuta maalumu na kompyuta. Pampu inajaza mgandamizo katika akyumuleta, yaani chupa ndogo ya kuhifadhi mgandamizo yenye gesi ya naitrojeni, na mgandamizo huo ndio unaosukuma klachi na kuhamisha gia. Gesi ikipungua kwa umri, pampu hulazimika kufanya kazi muda wote, inapata moto, na mwisho inakufa.

Namna ya kulikagua ni rahisi na haihitaji kifaa. Gari likiwa limelala usiku kucha, fungua mlango wa dereva usikae kwanza, usikilize upande wa boneti. Utasikia mvumo wa pampu ikijaza. Ukidumu sekunde chache ukanyamaza, kisha ukawasha gari na kubadilisha gia mara kadhaa kabla ya kuusikia tena, hali ni njema. Gari langu lilianza kuvuma kila ninapobadilisha gia, nikawa nasikia hata redio ikiwa imewashwa. Haukupita muda mrefu, katika msongamano wa Darajani, likatoka kwenye gia lenyewe, likaandika hitilafu kwenye dashibodi na kukataa kuingia gia yoyote. Tukalisukuma pembeni na wachukuzi wa sokoni, Mungu awalipe kheri.

Gereji ya kwanza, ambayo sina haja ya kuitaja, iliniambia ninunue giaboksi nzima. Nilikataa kwa sababu gia zenyewe hazikuwa na sauti yoyote mbaya. Kijana mmoja anayejifunza umeme wa magari alinipimia kwa kompyuta, akaniambia mgandamizo unashuka mara tu pampu inaponyamaza, na kwamba kinachotakiwa ni akyumuleta tu. Niliiagiza Uingereza, ikaja na mtu kwenye begi lake. Tulibadilisha na mafuta yake, yale ya Tutela CS Speed, na hapa nasisitiza kwamba mafuta ya otomatiki ya kawaida hayafai kutiwa humo hata kwa dharura. Tangu siku hiyo gari linakwenda.

Mambo mawili ya kuzoea: kwanza, Dualogic haina P, kwa hiyo ukiegesha unaacha ndani ya gia na kuvuta hendibreki. Pili, usilizuie gari mlimani kwa mafuta kidogo kidogo kama wanavyofanya wenye otomatiki, kwa sababu unachoma klachi bila ya kujua. Kanyaga breki, na ikiwa foleni ni ndefu weka N.

Maalim wa Mazizini

Nashukuru kwa mada hii, na nashukuru zaidi kwamba ndugu yetu wa Bububu ameeleza mpaka mtu asiye fundi ameelewa. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi na gari langu ni Panda ya mwaka 2008, 1.2, gia za kukanyaga klachi, kutoka Uingereza. Niliinunua kwa meneja wa hoteli moja ya mwambao wa mashariki aliyekuwa anarudi kwao. Alikuwa nacho kitabu cha huduma chenye mihuri na risiti zote, na kwa maoni yangu risiti zile zilikuwa na thamani kuliko rangi iliyong'aa.

Kitabu kile, pamoja na uzuri wake, hakikuweza kueleza bahari imefanya nini kwa chini ya gari. Magari ya hoteli za Kiwengwa, Matemwe na Paje yanaishi hatua chache kutoka ufukweni, na upepo wa kusi unapovuma unaleta unyevu wa chumvi unaoingia kila pahala. Nilimwomba fundi aliyekuwa nami alipandishe gari kwa jeki mbili za stendi, naye akalala chini na tochi na bisibisi. Kilichoonekana kilikuwa hivi: mhimili wa nyuma una kutu ya juu juu, ambayo inasafishika, kingo za chini za milango zimo katika hali njema, lakini sampu ya oili, yaani bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa inabanduka. Fundi aliikwaruza kwa ncha ya bisibisi, magamba ya kutu yakaanguka mkononi mwake, na nyuma yake kukawa na unyevu wa oili uliokuwa ukitoka taratibu kama jasho. Sampu ya injini hizi ni bati la chuma, iko chini mbele kabisa, na ndiyo ya kwanza kupigwa na mchanga na maji. Ikitoboka njiani na usiiangalie taa ya oili, umepoteza injini nzima kwa ajili ya kipande cha bati.

Tulikubaliana bei ipunguzwe kwa gharama ya sampu mpya na kazi yake. Muuzaji hakubishana, kwa sababu alikiona kwa macho yake. Hii ndiyo faida ya kukagua pamoja na mwenye gari akiwa amesimama hapo hapo, kuliko kurudi baadaye na malalamiko.

Matunzo yangu ni haya. Kila nikirudi safari ya pwani nalioshea chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na si juu tu kama tulivyozoea. Kabla ya masika fundi anapiga brashi ya waya pahala penye kutu, anapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha nta. Wapo wanaopulizia oili chafu chini ya gari, na najua ni desturi ya zamani hapa kwetu, lakini oili hiyo inalainisha na kuharibu mipira ya bushi, na bushi za Panda ni jambo la kununua nje. Sikubaliani na desturi hiyo kwa gari hili.

Na dada zangu wanaoogopa kwenda kukagua gari peke yao: nendeni na fundi wenu, mlipeni ya siku yake, na simameni hapo mpaka amalize. Fedha hiyo haipotei.

Fundi wa umeme, Mwanakwerekwe

Maalim amesema kweli kuhusu sampu. Mimi nitasema la umeme, kwa sababu Fiat nyingi zinazoletwa kwangu zinakuja na lugha moja: taa zote za dashibodi zinawaka pamoja, usukani umekuwa mzito, stata inazunguka kwa uchovu, na mwenye gari ameshanunua betri mpya na pengine ameshaambiwa kompyuta imekufa. Mara nyingi kompyuta haijafa.

Katika Punto, Panda na 500 kuna waya wa ethi unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye giaboksi, unapita chini ya trei ya betri. Waya huu unaoza ndani ya ganda lake. Kwa nje unaonekana mzima, lakini ukiukunja unasikia unavunjika vunjika, na ukiupasua ndani yake kuna unga wa kijani. Huko Ulaya unaoza kwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, na hapa kwetu unaoza kwa hewa ya bahari, hivyo gari lililotoka Uingereza limekula chumvi mara mbili.

Kipimo chake ni hiki. Chukua mita ya umeme, iweke kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, ethi yako ina kasoro. Usiye na mita, chukua waya wa kuchajia, unganisha hasi ya betri moja kwa moja na injini, uwashe. Matatizo yakitoweka, jibu umelipata. Waya mpya unatengenezwa hapa hapa kwa waya mnene wa shaba, vichwa vikabanwa vizuri na kupakwa grisi. Sijaona matengenezo mengine ya gari hili yenye gharama ndogo na manufaa makubwa kiasi hiki.

Usukani wa magari haya unasaidiwa na mota ya umeme iliyo kwenye nguzo ya usukani, hauna pampu ya mafuta. Ndiyo maana una kitufe cha CITY kinachoulainisha mjini. Volti ikishuka, mota hujizima na taa nyekundu ya usukani inawaka. Nguzo hizo kweli huharibika, hasa za Punto ya mwaka 1999 na zilizoifuata, lakini usikubali kubadilishiwa nguzo kabla ya betri na ethi kupimwa.

Jambo la tatu ni feni ya rejeta. Inakwenda kwa kasi mbili, na ile kasi ndogo inapitia rezista iliyofungwa kwenye fremu ya feni. Rezista ikiungua, feni inasubiri mpaka joto lipande sana ndipo iwake kwa kasi kubwa. Mwendoni hutahisi kitu, ila ukisimama foleni mchana wa Januari kiyoyozi kinakuwa cha uvuguvugu na joto la injini linapanda. Wenye injini za valvu 8 wajihadhari, kwani gasketi ya kichwa haisamehe injini ikichemshwa. Na msitie maji ya kisima. Maji yetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na kichwa cha injini ni alumini. Tieni kulanti (dawa ya kupozea injini) nyekundu ya Paraflu au inayolingana nayo, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, na msiichanganye na ile ya kijani.

Kuhusu kompyuta: mashine ndogo za kupimia zinazouzwa mjini zinasoma injini tu. Programu inayozungumza na Fiat nzima, pamoja na Dualogic, usukani na mifuko ya hewa, inaitwa MultiECUScan, na inahitaji kompyuta ya mkononi na waya wake. Anayefikiria kumiliki gari hili aulize kwanza ni fundi gani wa karibu anayo.

Mwanachama wa Jambiani

Mimi nilikuwa na 500 ya TwinAir, silinda mbili, cc 875, ile iliyopewa tuzo ya Injini ya Mwaka ya kimataifa mwaka 2011. Inakwenda vizuri na haili petroli nyingi, lakini valvu za kuingiza hewa zinaendeshwa kwa mgandamizo wa oili ya injini yenyewe, kwa hiyo oili ikiwa chafu au si sahihi, injini inakosa pumzi. Inataka 0W-30 safi, ya kweli. Oili hiyo nilikuwa naipata kwa shida, na kila chupa ikinitia wasiwasi kama ni halisi. Nimemuuzia mtu wa Dar es Salaam anayeipata kwa urahisi. Kwa shamba kwetu huku, chukueni 1.2.

Mpenda Panda, Chake Chake

Ndugu zangu wa Unguja mnaishi pahala pa tambarare. Sisi wa Pemba barabara zetu ni vilima na mabonde kutoka Mkoani mpaka Konde, kwa hiyo neno la ndugu wa Bububu kuhusu klachi ya Dualogic mlimani kwetu ni neno la kila asubuhi. Nilipoanza kutafuta Panda nilikataa kabisa isiyo na klachi ya mguu, na yangu ya mwaka 2009 inapanda kilima cha Chake ikiwa imejaa watu bila ya malalamiko.

Kisa changu ni cha rimu. Tairi moja ilipasuka kwenye shimo na rimu ikapinda. Muuzaji wa vipuri akanipa rimu ya Toyota ya matundu manne akaniambia zote ni moja. Tulipoiweka, boliti tatu zikaingia na ya nne ikagoma, na kijana wa tairi akachukua nyundo. Nilimzuia. Toyota ndogo zina nafasi ya milimita 100 kutoka tundu mpaka tundu la upande wa pili, wakati Panda na 500 zina milimita 98. Tofauti ya milimita 2 haionekani kwa jicho, lakini rimu iliyolazimishwa haikai katikati, boliti hazikazi sawasawa, na siku moja zinalegea ukiwa mwendoni. Tena Fiat hufungwa kwa boliti zinazoingia ndani ya habu, haina nati, na nyuzi zake ni M12 kwa 1.25, wakati nati za Toyota ni 1.5. Ukiilazimisha boliti ya nyuzi nyingine unaharibu habu.

Grande Punto ya mwaka 2005 na kuendelea ni tofauti: hiyo ina 100 kama Toyota, ingawa tundu la katikati linahitaji kuangaliwa. Msidhani Fiat zote ni moja.

Mwishowe nilinyooshewa rimu yangu ile ile, na sasa nina seti ya akiba niliyoiagiza. Saizi ya tairi haina tabu. 

Kuhusu vipuri, utaratibu wangu ni kuandika namba ya chasi kabla ya kumpigia mtu yeyote. Namba za Fiat huanza na ZFA, na tarakimu tatu zinazofuata ni aina: 169 ni Panda ya mwaka 2003, 312 ni 500, 188 ni Punto ya mwaka 1999. Kutokana na namba hiyo muuzaji makini anapata namba ya kipuri katika katalogi ya Fiat, na namba ya kipuri ndiyo inayoagizwa, si jina. Mimi hukusanya mahitaji, naagiza mara moja, mzigo unafika Dar es Salaam kisha unavuka kwa meli mpaka Mkoani. Vitu ninavyoweka ndani muda wote ni koili, plagi, rezista ya feni, thamostati na kebo ya klachi ya akiba iwapo modeli yako inatumia kebo. Kisiwani, kipuri cha shilingi kidogo kinaweza kulilaza gari kwa muda mrefu, kwa hiyo akiba ndogo nyumbani ni sehemu ya bei ya gari.

Mwanzilishi wa mada, Kiembesamaki

Mmenifurahisha kweli. Sasa naweza kusema maoni yangu ya gia: nakubaliana na wa Chake, gia za kukanyaga klachi ndizo za visiwani, na anayependa Dualogic aitafute huku akiwa ameshapanga akyumuleta na fundi mwenye programu.

Naongeza la vitasa vya mlango vya 500. Vile vinavyong'aa, mkono wake wa ndani huvunjika, na hapa kwetu huvunjika mapema kwa sababu chumvi inakazanisha ekseli ndogo ya kitasa, mtu akavuta kwa nguvu. Tone la mafuta ya kulainisha kwenye ekseli hiyo kila baada ya muda linaokoa kitasa. Angalia pia nyaya zinazoingia mlango wa nyuma wa buti, pale kwenye mpira wa kona: zinakatika kwa kufungwa na kufunguliwa, na taa ya namba inazimika.

Fundi, nina suali moja ambalo watu wengi wananiuliza na ningependa jibu lako libaki hapa: mkanda wa taimingi wa 1.2, ule unaoendesha valvu ziende sawa na injini, ubadilishwe lini, na vipi mnunuzi atajua kama umebadilishwa?

Fundi wa umeme, Mwanakwerekwe

Kwa mkanda mimi sisubiri namba kubwa ya kitabuni, iliyopangwa kwa hali ya hewa na barabara nyingine. Kwa joto letu na vumbi letu jeupe nawaambia wateja wangu kilomita 60,000 au miaka minne, kitakachotangulia. Gari linaloletwa kutoka Japani likiwa na kilomita 40,000 na umri wa miaka kumi na mbili lina mkanda wa miaka kumi na mbili, na mpira unazeeka hata ukiwa umesimama. Wanunuzi wengi hutazama kilomita wakasahau mwaka.

Katika injini hii pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo. Basi mkanda, tenshena inayoukaza na pampu vibadilishwe pamoja, kwa sababu pampu ikivuja baadaye unalipa kazi ile ile tena. Kuujua umebadilishwa: fungua kifuniko cha juu cha plastiki, boliti zake ni chache, usome maandishi ya mkanda kwa tochi. Mkanda mpya maandishi yake yanasomeka. Wa zamani yamefutika na kingo zina nyuzi. Bila ya risiti yenye tarehe, uhesabu haujabadilishwa na uitoe gharama hiyo katika bei ya muuzaji. Kazi ifanywe na mwenye vifaa vya kufungia shafti, kwa sababu mkanda ukikosea jino moja gari linawaka, linakwenda, lakini linakosa nguvu na taa ya injini haizimiki, na hapo mtu anaanza kulaumu kompyuta.

Mpenda Panda, Chake Chake

Fundi, hapa Chake tupo wenye Panda na 500 kadhaa, na hakuna hata mmoja wetu ambaye fundi wake ana programu uliyoitaja. Ukiwa tayari kuvuka mara moja kabla ya masika, sisi tutachangia nauli yako na malazi, na kila gari litalipa kipimo chake. Njoo na mita, waya wa programu, na vifaa vya kufungia shafti. Mikanda mitatu tayari imeshafika Mkoani, pamoja na pampu zake.

Fundi wa umeme, Mwanakwerekwe

Inshaallah nitavuka. Nitumieni kwanza namba za chasi za magari yote na picha ya kifuniko cha mkanda cha kila moja, ili nijue ni zipi zenye kifaa cha kubadilisha taimingi na nije na vifaa vinavyozihusu. Gari la Dualogic, kama lipo, liwe limeegeshwa pahala tambarare na betri yake iwe imechajiwa usiku uliotangulia, kwa sababu katikati ya urekebishaji volti haitakiwi kushuka.